Chai ya Kichina Mbele ya Wakwe

Aibu hii nilijitafutia mwenyewe, na aliyekaribia kuumia ni ndugu yangu Bosire.

Nimezaliwa kwenye majani chai, kwetu Nyaramba, na hadi mwaka jana nilijua chai ni moja tu: maziwa mengi, sukari, ichemke hadi itake kumwagika. Halafu rafiki yangu Moraa, anayeuza vyombo mjini Kisii, akarudi kutoka China na makopo manne ya chai, akayaleta kwangu Nyanchwa, tukaanza kuonja. Ile nyeupe niliona ni maji ya kusuuzia kikombe. Kumbe ulimi unataka subira! Baada ya wiki mbili nilikuwa naitambua ya kijani (ina ladha ya mahindi mabichi ya kuchemsha), ile inayonukia maua, na ile nyeusi iliyowekwa miaka mingi, inayonuka kama stoo wakati wa mvua lakini ukiimeza unatulia kabisa. Majani yaleyale unayamiminia maji mara tatu, mara nne, na kila mara ladha mpya. Nilipenda, sidanganyi.

Kosa langu ni kutaka wengine nao wapende. Jamaa za Kemunto, mchumba wa Bosire, walikuwa wanakuja kuona boma letu kule Nyaramba, wajue binti yao anaolewa wapi, nami nikamwambia mama chai aniachie mimi.

"Na maziwa?" akauliza.

Nikasema hayahitajiki, ayauze yote asubuhi hiyo. Ng'ombe nao nikawafukuza hadi kwa baba mdogo, ng'ambo ya mto, ili boma lisinuke samadi (hilo pia lilikuwa wazo langu).

Wageni saba wakaketi. Nikamimina ile nyeupe kwenye vikombe vidogo kama vya kupimia dawa, nikawaambia wanuse kwanza. Shangazi yake Kemunto, mama kutoka Magwagwa aliyekuja kukagua kila kitu, akachungulia kikombe, akasema kwa upole, "Mwanangu, turungi isiyo na maziwa hatukatai. Lakini mngetuambia tu."

"Tuwaambie nini, shangazi?"

"Kwamba hamna ng'ombe."

Nikacheka (Mungu anisamehe), nikasema tunao watatu. Akainuka moja kwa moja hadi zizini, akakuta patupu. Nikaeleza wako kwa baba mdogo, akasema, "Ehe," kama mtu anayemsikiliza mwongo. Nikakimbilia ile nyeusi, angalau ina rangi ya chai ya watu, lakini harufu yake ndiyo ilimaliza kazi: mzee mmoja akanong'ona kwamba hata majani yetu yameoza. Mama akachepuka kukopa maziwa kwa jirani, akarudi na jagi mkononi, akakutana uso kwa uso na wageni wakiaga.

Bosire hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa Kemunto nitamwambia nini?" Hapo nililia.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikawafunga kamba wale ng'ombe watatu na kuwaswaga hadi Magwagwa, na viatu vyangu vya ofisini, soko zima likiniuliza nauza bei gani. Shangazi alileta ndoo, akamkamua mmoja kwa mikono yake mwenyewe, akaonja.

"Harusi itakuwepo," akasema. "Lakini chai tutapika sisi."

Tangu hapo chai zangu naonja peke yangu, mlango umefungwa. Mgeni kwangu hatapewa tena kikombe kisicho na maziwa, hata akiniomba.