Bangili ya Mama na Sindano ya Mwezi

Miaka ile ya kuungojea uhuru nilikuwa mlinzi wa kibanda kisicho na msumari hata mmoja wa chuma, katikati ya mawe ya Nyegezi. Ndani, gizani, ilining'inia sindano ya sumaku. Mzungu aliyeniajiri alinieleza kwamba usumaku wa dunia hupanda na kushuka kila siku kwa kulifuata jua, na kwamba mwezi nao huugusa, kama unavyovuta maji ya bahari. Huugusa kidogo sana, akasema. Chuma kikisogea karibu, mwezi umepotea.

Nikawa mkali kuliko yeye. Baiskeli, kisu, ufunguo, jembe, vyote vilibaki kwenye uzio. Watu walinicheka eti nachunga mwezi kama ng'ombe.

Mama alikuja kutoka Misungwi na kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamzuia pale pale. Mkononi alikuwa na bangili ya chuma. Kabla yangu alikuwa amezika watoto. Nilipozaliwa mimi, bibi alimpeleka kwa mhunzi akavishwa, ili inikinge na kifo, na katika ukoo wetu mama wa mtoto aliyebaki haivui bangili hiyo mpaka kaburini. Tukaongea kwa kupaza sauti, yeye nje juani, mimi ndani ya uzio. Sikuona ubaya. Kazi ni kazi.

Aliporudi baada ya mavuno, alipita uzio bila kuniuliza. Mkono ulikuwa mtupu, na pale ilipokaa bangili ngozi ilikuwa imepauka.

"Mama, iko wapi?"

"Mhunzi ameikata. Nimechoka kuongea na mwanangu kama tumegombana."

"Na mimi je?"

Akacheka, lakini hakunitazama. "Umeshakuwa mtu mzima, baba. Sasa jilinde mwenyewe."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi nilikuwa nimemwambia mzazi auache uzioni pamoja na baiskeli. Niliona haya. Yeye alishinda kwenye kivuli cha kibanda, bega ukutani, akisinzia kwa raha.

Kesho yake mzungu alisafisha karatasi ya picha ambayo juu yake mwanga huchora mwendo wa sindano. Akanipiga bega kwa furaha. Mstari ulikuwa safi, hakuna kilichoutikisa. Niliufuata kwa kidole kutoka asubuhi hadi jioni, nikiomba nione japo doa moja la kuonyesha kwamba mama alikuwa pale. Sikuliona.