Mama Aliyeacha Kisomo Mara Mbili

Mama alipenda kunitania kwamba mimi ndiye niliyemfukuza shule. Enzi za kisomo cha watu wazima, kila kijiji kilipohimizwa kufuta ujinga, alikuwa akitoka shambani Kisesa jioni, ananibeba mgongoni, anakwenda kukalia madawati yaliyoachwa na watoto. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba tu. Kabla ya kushika chaki alipita dawati kwa dawati akiwaamkia wanafunzi wake shikamoo, mmoja mmoja, maana wote walikuwa wakubwa zake. Neno la kwanza aliloandika ubaoni lilikuwa pamba. Nani asiyeijua pamba Usukumani? Mama alilisoma siku ya tatu. Kisha nikaugua surua, na alipopata nafasi ya kurudi wenzake walikuwa wamefika mbali. Akaona haya, akaacha.

Kisomo chenyewe nacho kikafa, hata sikumbuki lini. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu, nikarudi na cheti, na tangu hapo nafundisha darasa la kwanza. Ninajivuna, sitaficha: watoto wangu husoma kabla ya likizo ya Juni. Baba alipofariki nilimchukua mama tukaishi naye Igoma. Siku moja akichambua dagaa alisema bila kuniangalia, "Mwanangu, nifundishe kusoma. Nimechoka kusomewa. Mtu anakusomea anachotaka yeye."

Nilifurahi mno. Alasiri nilikuwa na twisheni ya watoto wa mtaa barazani kwangu, basi nikaona nimchanganye nao humo humo, yaishe. Akaja amevaa kitenge chake cha kanisani, daftari jipya mkononi, akaketi mkekani nyuma ya wote.

Nilipotokea mlangoni watoto wakasimama kama walivyozoea. Mama naye, akidhani ndiyo sheria ya shule, akajikongoja na magoti yake mabovu akasimama. Wakaamkia kwa pamoja, "Shikamoo, mwalimu!" Na sauti yake ilikuwemo. Nami, kwa mazoea ya miaka yote ile, nikajibu, "Marahaba, kaeni."

Nilipokea shikamoo ya mama yangu mzazi. Mtoto mmoja akacheka, wenzake wakafuata. Mama akaketi taratibu, akaandika irabu zote nilizompa, hata mkia wa herufi a aliuweka vizuri. Kesho yake alisema macho yanamuuma. Keshokutwa yake akasema ana nguo za kufua. Nilijua tatizo si macho wala nguo, lakini mwalimu mzima nikashindwa kupiga magoti nikamwomba radhi. Nilijidanganya kwamba likizo ikifika nitamfundisha peke yake, sisi wawili, kwa heshima. Likizo zikaja zikaenda. Kila moja nilikuwa na sababu, na sasa hakuna hata moja ninayoweza kuitamka bila aibu.

Mwaka jana tumbo lilimzidi, tukampeleka hospitali mjini, wakasema lazima apasuliwe. Muuguzi akaleta fomu ya kukubali upasuaji na kuniuliza kama mama anajua kuandika. Nikasema hapana. Akatoa kidau cha wino. Nikamshika mama dole gumba, jepesi siku hizo, nikalikandamiza kwenye karatasi ambayo hakujua imeandikwa nini. Nilimweleza kwa kifupi. Nilirukaruka sehemu za hatari, nisimtie hofu.

Muuguzi alikuwa akinifahamu, nilimfundisha mdogo wake. Akasema kwa mzaha wa kutuchangamsha, "Mama, una mtoto mwalimu halafu unaweka dole gumba? Hukupata wa kukufundisha?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama alijifuta wino polepole kwenye shuka, akanitazama, kisha akamgeukia yule muuguzi.

"Nilimpata," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa mvivu."

Akaingizwa chumba cha upasuaji asubuhi iliyofuata, na hakuzinduka.