Mwisho Aliousema Mama Kimya

Mama Kimya kanishinda tabia. Kwenye maktaba yetu ya mtaa, vyumba viwili na feni moja mbovu, sisi wawili ndio tunaojitolea: mimi fundi cherehani, yeye muuguzi mstaafu. Ukikohoa tu, anakutazama kama vile umevunja sahani yake. Watoto wakambandika hilo jina, naye akalipokea bila kinyongo.

Kazi aliyoipenda ni rafu ya karibu na mlango, tunakoweka riwaya zilizopendekezwa na wasomaji wenyewe. Ukimwuliza ipi nzuri, anakushika mkono, anakunong'oneza mwanzo wake mpaka unasahau kilichokuleta. Lakini ukiuliza mwisho, umeumia. "Utaukuta mwenyewe, mwanangu." Hata mimi, shoga yake, hajawahi kunidokezea mwisho hata mmoja. Roho mbaya tu!

Mwezi uliopita alimpendekezea riwaya dada mmoja tuliyemwita Mtandio, maana hakuuvua hata kwenye joto kali. Mama Kimya alijua kilichofichwa chini yake; michubuko ameitibu maisha yake yote. Riwaya ilikuwa ya mke anayepigwa na mumewe, akapanga kuondoka. Mtandio aliisoma kwetu siku kadhaa kwa kuiba muda, kisha akaiazima. Nikampa kipande cha uzi mwekundu awekee alama.

Halafu asubuhi moja akaingia mwanamume mpole, shati limepigwa pasi.

"Shikamooni, mama zangu. Mke wangu ametoroka. Kaacha vyote, kaondoka na kitabu chenu." Akatutazama mmoja mmoja. "Nilikichungulia kidogo. Humo ndani, yule mwanamke anayemkimbia mumewe anaishia wapi?"

Mama Kimya akajibu upesi. "Anarudi kwao. Kwa mama yake."

Mwisho! Mama Kimya kasema mwisho! Nikajua hapohapo kwamba ni uongo mtupu.

Yule bwana akatabasamu. "Kwa mama yake nimeshapita." Akainua macho ukutani, tulikobandika kwa herufi kubwa kwamba kitabu kinakaa wiki mbili. Akahesabu kwa vidole tangu siku alipokiona nyumbani. "Basi ni leo. Namjua mke wangu. Hata sindano akiazima, hapati usingizi mpaka airudishe."

Akavuta kiti nyuma ya mlango, mahali ambapo mtu wa nje hamwoni, akafungua gazeti. Mapajani kaweka simu yenye ganda la maua. Nilikuwa nimeiona mara nyingi mkononi mwa Mtandio, kwa hiyo hata kumpigia haikuwezekana.

Nikajidai naenda msalani. "Kaa tu, mama," akasema bila kuinua uso. Nikakaa. Sikufichi, niliogopa. Mama Kimya akapanga vitabu, akavipangua, akavipanga tena, macho dirishani. Nami nikawa naomba moyoni: Mtandio, leo tu, mwanangu, kuwa mwizi!

Jua lilipokuwa utosini nikamwona anavuka barabara, kakikumbatia kitabu kifuani. Yule bwana akasikia viatu vyake, akakunja gazeti taratibu, akasimama.

Sauti niliyoisikia sikujua ya nani. "Usiingie! Kimbia, mwanangu! Kimbia!" Alikuwa Mama Kimya, mishipa ya shingo imemtoka, kaurukia mlango, kaubana kwa mgongo wake wa kizee. Yule bwana akamvuta mkono, nikasikia mfupa ukilia kama kijiti kinachovunjika. Hakuachia. Nikampiga yule bwana kwa kiti, huku nalia, nikapiga mayowe mpaka maseremala wa jirani wakafika na kumwangusha chini.

Nje hapakuwa na mtu. Kitabu kilikuwa kimeanguka kizingitini. Nikakiokota, nikaona uzi wangu mwekundu: kurasa chache tu zilikuwa zimebaki.

Mama Kimya alikuwa kakaa sakafuni, mkono uliovunjika kaupakata kama mtoto.

"Dada yangu," nikamwuliza, "hasa hasa kinaishaje?"

Akakitazama kile kitabu.

"Anarudi," akasema. "Mara moja tu, kuchukua kitu alichosahau. Mumewe yuko nyuma ya mlango."