Kachero Aliyembebea Mwizi Begi

Shule niliiacha darasa la tano, na sioni haya kusema. Leo nina maghorofa mawili hapa Arusha, na vijana wenye digrii wananijia wamevaa tai kuomba kazi. Mawe ndiyo yaliyonifikisha. Nipe tanzanaiti niielekeze juani, nitakuonyesha ufa ulipo kabla hujamaliza kukohoa. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba niliyeibiwa sikuwa mtu wa kuibiwa.

Mwenzangu wa biashara alikuwa Mmeru wa Nkoaranga, kule mlimani. Tulianza pamoja, madalali wa kusimama barabarani, mawe tumeyafunga kwenye karatasi na kuyaficha ndani ya soksi. Mimi nilikuwa mdomo, yeye mkono. Mimi naongea, yeye anashika mali. Kwa miaka ishirini mkono ule haukupoteza hata punje. Kwao alikuwa mzee wa kanisa, na Jumapili yeye ndiye aliyepita na kapu la sadaka.

Sisi watu wa mawe tuna desturi yetu. Mnunuzi akikubali bei lakini fedha hana hapo hapo, jiwe linakunjwa kwenye karatasi, linazungushiwa selotepu, naye anasaini juu ya mkunjo. Jiwe linabaki kwa muuzaji, ila kulifungua ni mwiko mpaka mwenye saini arudi. Ukilifungua peke yako, umejitangaza mwizi.

Mgeni aliyekuja ofisini kwetu siku ile alitoka ng'ambo, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Alimwamkia mwenzangu shikamoo kwa sababu ya mvi zake. Hakubishana sana kuhusu bei. Mwenzangu akatoka kwenda chumba cha nje kuleta selotepu, na jiwe letu, kubwa kuliko yote tuliyopata kuyashika, likabaki mezani mbele ya mgeni.

"Bosi," mgeni akasema, "wameniambia lile ghorofa la vioo kule ni lako. Kweli?"

Nikainuka. Nikaenda dirishani.

"Lile, na lile la nyuma yake," nikamwambia, kidole nimekinyoosha. Nikamweleza na vioo vilikotoka, na fundi niliyemfukuza, na jinsi nilivyochanganya zege kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipogeuka, karatasi ilikuwa imeshakunjwa vizuri na mwenzangu alikuwa mlangoni na selotepu. Tukafunga. Mgeni akasaini, akaahidi kurudi baada ya siku tatu. Kama ilivyokuwa kawaida yetu, mwenzangu aliondoka na jiwe, mfukoni mwa shati, kifungo kimefungwa.

Siku tatu zikapita, mgeni asionekane. Ya tano mwenzangu akaileta ile karatasi, nami nikamwita shemeji yangu, kaka wa mke wangu, askari mstaafu. Watu wote walimwita Kachero. Katika utumishi wake wote alikamata wezi wa kuku na mtu mmoja aliyelala ndani ya duka alilokuja kulivunja. Lakini alikuwa na daftari, na miwani miwili, na moyo.

"Msikate na wembe," Kachero akasema. "Tutafungua kitaalamu."

Kitaalamu maana yake ilikuwa mvuke wa birika. Akaishikilia ile karatasi juu ya mdomo wa birika mpaka vidole vikaungua, akaiangusha kwenye maji ya moto, akaitoa na kijiko cha sukari. Selotepu ikabanduka. Saini ikayeyuka yote. Ndani kulikuwa na kipande cha kioo cha buluu.

Madalali walikuwa wamejaa mlangoni kushuhudia. Kachero akainua kidole kilichovimba.

"Mnaona? Mvuke unafungua! Basi hata juzi mtu angeweza kuifungua."

Macho yote yakamwendea mwenzangu. Yeye alikuwa anaitazama ile karatasi iliyolowa, ambayo ndiyo pekee ingeweza kuonyesha kwamba haikuguswa.

"Shemeji," Kachero akanigeukia, kalamu mkononi, "siku ile uliitazama mikono ya mgeni mwanzo hadi mwisho?"

Dalali mmoja akacheka, "Bosi atazame nini? Bosi huwa anajitazama mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Kile kicheko ndicho kilichonimaliza.

"Mimi?" nikasema. "Nani katika mji huu ameshawahi kunibadilishia jiwe? Sikupepesa jicho."

Kachero akaandika. Mwenzangu akaniangalia, kisha akaangalia meza. Aliomba ruhusa akaondoka, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena ofisini.

Wiki iliyofuata Kachero alikuja anatabasamu. "Shemeji, nimemwona mgeni wetu, sura ile ile uliyonieleza! Pale Sakina, anasubiri gari la Namanga. Maskini, alikuwa mgonjwa ndiyo maana hakurudi. Kaniamkia vizuri sana. Nikampa pole kwa usumbufu. Begi lake lilikuwa zito, nikambebea mpaka kwenye gari."

"Ukamwacha aende?"

"Si ulisema ulimtazama mikono? Mtu hana kosa, nimzuie kwa lipi?"

Mpaka hapo nilikuwa bado naweza kuusema ukweli. Gari lilikuwa halijafika hata Longido, achilia mbali mpakani. Nikamwambia, "Sawa, shemeji," nikaagiza chai.

Miezi michache baadaye picha ya mgeni ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu wa mawe. Kumbe alikuwa na pasi za nchi nne. Alikuwa ameiba almasi huko, rubi kule, kwa mkono ule ule na adabu ile ile. Nikafurahi, nikadhani mwenzangu atasafishwa. Wapi! Barabarani walisema: mgeni ni mwizi, sawa, lakini mezani hakuiba, bosi alikuwa anatazama. Basi yule Mmeru alimfungulia, wakagawana. Neno likapanda mlima mpaka kanisani. Mwenzangu akaomba mwenyewe kuvuliwa uzee wa kanisa kabla hawajamvua, na kapu la sadaka likashikwa na mtu mwingine.

Kachero naye alianza kumfukuza mwizi wake. Alikwenda Namanga mara saba. Karibu na Makumira alimkamata mzungu mzee aliyekuwa na darubini, akamkalia begi mpaka polisi walipofika na kukuta ni mtu wa kuhesabu ndege. Madalali walimwimbia akipita: "Kachero, umemshika?" Naye hujibu, "Mkia! Bado kichwa!" Mwanzoni nami nilicheka. Kisha mguu wake ukaanza kuoza kwa sukari, na bado kila asubuhi alichechemea mpaka stendi na picha ya mwizi iliyochakaa. Miaka sita hivyo. Mwaka jana dada yake, mke wangu, alinililia nimzuie asiende Nairobi na mguu ule. Nikamkuta amekaa juu ya mfuko wake, anasubiri gari.

"Acha, shemeji," nikamwambia. "Huyo mtu hapatikani."

"Yule mzee wa Nkoaranga amevuliwa heshima," akasema. "Na mimi ndiye niliyeiharibu karatasi. Nisipomleta mwizi aseme mwenyewe alibadilisha wapi, nani atasema?"

Nikakaa kando yake, nikamwambia yote pale pale stendi. Dirisha, kidole, fundi, zege. Alinisikiliza kama anayesomewa matokeo ya hospitali. Alitoa daftari, akautafuta ukurasa, akaniwekea mapajani. Nilisoma jibu langu la siku ile kwa mwandiko wake: sikupepesa jicho.

"Usiniambie mimi," akasema. "Panda mlimani."

Nikapanda siku hiyo hiyo. Njia za kule ni za kupanda kwa magoti, gari langu liliishia chini. Nilimkuta mwenzangu shambani, anachuma kahawa chini ya migomba. Amekonda. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, mimi niliyeishi kwa maneno. Yalitoka manne tu.

"Siku ile sikuwa natazama."

"Najua," akasema, mikono bado inachuma. "Niliporudi na selotepu nilikukuta dirishani."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, lingekuwa neno la mshitakiwa. Lilikuwa lako kulisema. Nilikungoja wiki ile. Nikakungoja mwaka ule. Mama watoto aliniuliza mpaka amekufa: kweli hukuchukua?"

Sikujua kwamba mkewe amefariki. Hakuna aliyeniletea habari, na mimi sikuwa nimeuliza.

"Kesho nitawaambia wote," nikasema. "Barabarani. Na kanisani."

"Waambie. Watoto wangu watasikia."

"Na wewe utarudi mjini? Ofisi ni yako pia."

"Hapana," akasema, bila hasira, kama mtu aliyekataa chai kwa kuwa ameshiba. Akaushika mti mwingine. Nilisimama pale na mikono mitupu, nikaanza kuchuma upande wa pili, nikichanganya mbivu na mbichi kwa kutojua. Hakunifukuza. Alizitoa tu zile mbichi kwenye ndoo, moja moja, akazitupa.