Tonge la Baba

Shule niliyopangiwa nilipotoka chuo cha ualimu ilikuwa katika kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Sindeni. Nyumba zilisimama mistari miwili kando ya barabara ya vumbi, na watu waliohamishiwa pale kutoka mashamba yao ya zamani walikuwa bado wakisema "kwetu" wakiwa na maana ya kule walikotoka. Msimu wa kwanza mvua haikunyesha. Wa pili ilinyesha kidogo, mahindi yakafika magotini, kisha yakakauka yamesimama. Serikali ikaleta unga wa njano kwa malori, na shuleni tukawa tunawapikia watoto uji wa unga huo kila asubuhi. Waliuita uji wa kuku, kwa sababu mtu fulani aliwaambia kwamba huko ulikotoka hulishwa kuku. Waliucheka na waliugombania.

Mwalimu mkuu alijua kwamba nilihitimu chuo cha Kurani utotoni, akanipa kipindi cha dini cha Waislamu, ambao walikuwa karibu shule nzima. Nilimwambia sina uhakika kama ninafaa. "Wafundishe subira," alisema. "Ndiyo tuliyo nayo kwa wingi mwaka huu."

Nililala vibaya kwa ajili ya kipindi kile. Niliogopa kuwaahidi watoto jambo lisilo langu kuahidi, na niliogopa vilevile kusimama mbele yao bila ahadi yoyote. Mwishowe niliwaambia kwamba Mungu hasahau alichoahidi, ila anataka tumsubiri kwa nia. Msichana wa darasa la tatu aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono.

"Kusubiri kwa nia ni kufanyaje, mwalimu?"

Nilitafuta jibu palepale. "Ni kama kufunga," nilisema. "Mwenye njaa na aliyefunga wote wana tumbo tupu. Kinachowatenganisha ni nia. Mmoja amekosa tu. Mwingine anamngoja Mungu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimelipenda jibu langu. Jioni, nikisugua sufuria kwa majivu, nililirudia kichwani nikaona halina kasoro.

Baada ya muda nikaona yule msichana hapangi foleni ya uji. Alikaa kwenye kivuli cha ukuta na bakuli lake limegeuzwa, akitazama barabara. Nilidhani anaona kinyaa kwa unga ule. Kisha nikadhani ni kifua kikuu. Kisha nikadhani ameonewa na wenzake na kwamba nikiuliza hadharani nitazidisha.

"Huyu ni shehe siku hizi, mwalimu," mvulana mmoja aliniambia akiwa kwenye foleni. "Ana Ramadhani yake ya peke yake."

"Anaogopa kuota manyoya," mwingine akadakia.

"Wewe umeshaota. Ndiyo maana unakimbilia pumba."

Wakacheka wote, hata yeye msichana alitabasamu kidogo. Nikamwita pembeni.

"Huli uji kwa nini?"

"Nimefunga, mwalimu."

"Si mwezi wa kufunga."

"Najua. Nafunga mpaka baba arudi."

Baba yake alikuwa amepanda lori kwenda Korogwe kukata mkonge, akaahidi kurudi na chakula kabla ya vuli. Vuli ilipita bila mvua na bila yeye. Mama yake alikuwa marehemu tangu binti akiwa mchanga. Aliishi na bibi yake, mama wa baba. Nikamwuliza jioni anafuturu nini.

"Kikiwepo, tunakula."

"Kisipokuwepo?"

Alinitazama kama mtu anayeona mwenzake ameuliza jambo rahisi. "Si nitakuwa na njaa hata nisipofunga? Sasa naweka nia."

Nilimwambia arudi darasani. Nilipaswa kumwambia pale pale akachukue uji, lakini nilisimama nikiwaza. Nikimkataza, nitakuwa nimemwambia kwamba njaa yake ni njaa tu, haina maana yoyote. Nikimwachia, ataumia. Akila kwa amri yangu na baba asirudi, atajua ni tonge lipi lililomchelewesha. Nililigeuza jambo lile kila upande, na wakati nikiligeuza bakuli lake liliendelea kukaa limefunikwa juu ya vumbi.

Siku moja tulikuwa kwenye shamba la shule tukipalilia mihogo. Jua lilikuwa limekaa utosini. Aliegemea jembe, kisha akashuka taratibu kando ya tuta kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba. Hakuna aliyecheka. Nilimbeba mgongoni hadi kwao. Alikuwa mwepesi kiasi kwamba njiani nilimsemesha ovyo ili nisikie kama bado anajibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlaze hapo." Bibi hakuonekana kushangaa. Alimpaka maji usoni, akasubiri mpaka macho yalipofunguka vizuri. "Nimemwambia ale mpaka mdomo umechoka," alisema. "Ananijibu, mwalimu kasema. Basi mwalimu mwenyewe huyu hapa."

Hakulisema kwa ukali. Akabandika sufuria, akasonga ugali wa ule unga wa njano, mdogo kama ngumi mbili, na kuweka mlenda kando. Akautenga mkekani kati yetu watatu.

"Mgonjwa hafungi," nilimwambia msichana. "Hiyo ni sheria. Mungu mwenyewe amemsamehe."

"Siumwi. Nimeanguka tu."

"Basi mimi ni mgeni wenu. Funga ya hiari huachwa kwa ajili ya mgeni. Hiyo nayo ni sheria, na mgeni hali peke yake."

Alifikiri. Niliona anaipima, kama alivyolipima lile jibu langu la darasani. "Nikila, baba atachelewa?"

"Hapana."

"Unajua, mwalimu?"

Hapo ndipo nilipohofu kuliko siku yoyote niliyosimama mbele ya ubao. "Sijui atarudi lini," nilisema. "Lakini kama anachelewa, hacheleweshwi na wewe. Ahadi ni ya Mungu kuitimiza. Hukupewa uibebe tumboni."

"Na asiporudi kabisa?"

Kuku pekee wa bibi alipita mlangoni, akatazama ndani, akaendelea na safari yake.

"Kula," bibi alisema. "Mlenda ukipoa unakuwa makamasi."

Msichana akasema bismillahi kwa sauti ndogo, akamega. Alikula polepole, macho yakiwa kwenye ukuta, na mimi nikatia mkono mara chache kwa ajili ya ugeni wangu. Ulipobaki ugali kidogo alisimama, akaleta bakuli lake la shule, akaweka tonge lile ndani na kulifunika kwa kifuniko cha sufuria.

"La baba," alisema.

Nilitaka kusema jambo. Bibi alinitazama, nikanawa mkono.

Kesho yake alipanga foleni, akanywa uji, wenzake wakamtania kwamba Idi imefika mapema. Bibi aliniambia kwamba kila jioni, penye chakula, tonge la baba liliwekwa chini ya kifuniko, na kila asubuhi msichana alilila likiwa kiporo kabla ya kuja shule. Mwili ulimrudia kidogo. Lakini katika kipindi cha dini hakunyoosha mkono tena. Nilipozungumza juu ya ahadi za Mungu alinisikiliza kwa heshima, kama mtu anayesikiliza habari za kijiji cha mbali, na sikuweza kujua kama nilikuwa nimemtua mzigo au nimemnyang'anya.

Siku niliyohamishwa nilipita kuwaaga. Baba hakuwa amerudi wala hakuwa ametuma salamu. Kwenye kona ya chumba bakuli lilikuwa limefunikwa.

Sasa nafundisha Dindira, kwenye milima ya chai, ambako ukungu hauondoki mpaka karibu adhuhuri na watoto wanalalamikia mvua. Hapa pia nimepewa kipindi cha dini. Juzi mtoto aliniuliza Mungu anataka tumsubiri vipi. Nilifuta ubao wote, darasa zima likaanza kugeukiana.

"Kuleni," nilisema mwishowe. "Kuleni kwanza, halafu msubiri."

Walicheka, wakidhani natania.