Senta wa Masjala

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliajiriwa kwa ajili ya urefu wangu. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, na kila aliyeuliza nilimjibu kuwa niliwashinda wenzangu kwenye usaili. Ukweli ni kwamba Mkurugenzi wa Utawala hakufungua hata bahasha ya vyeti vyangu. Aliniambia, "Hebu simama, binti." Nikasimama. Akanitazama kuanzia miguuni hadi karibu na feni, akasema, "Kaa. Jumatatu uje na raba."

Hivyo ndivyo timu nyingi za mashirika Dodoma zilivyopata wachezaji enzi zetu. Kwenye karatasi nilikuwa Afisa Kumbukumbu, nikipanga majalada masjala hadi saa tisa na nusu. Baada ya hapo nilikuwa senta, yule mchezaji mrefu anayesimama chini ya kikapu kugombea mpira unaorudi kutoka kwenye ubao. Mazoezi yalianza kwa ufagio. Upepo wetu huimwagia mchanga sakafu ya saruji ya uwanja, na raba juu ya mchanga huteleza kama mlenda.

Kocha alikuwa mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, na elimu yangu haikumpendeza. "Wewe digrii," alisema kila nilipoanza kufafanua kwa nini nimekosa, "mpira hauelezwi, unarukiwa."

Uhamisho wangu ulifuata mashindano. Tukifungwa, nilipelekwa Kondoa, ambako bosi alishangaa kuletewa afisa asiyejua kuandika dokezo, yale maelezo mafupi ya kumshauri mkubwa ndani ya jalada. Michezo ya mashirika ikikaribia, nilirudishwa makao makuu haraka, kana kwamba majalada yalikuwa yananililia. Kazi ya ofisi sikujifunza. Vijana mnaosoma haya, kama mmeajiriwa kwa miili yenu, jifunzeni dokezo.

Siku ya nusu fainali mgeni rasmi aliwahi, tukaacha kona moja bila kufagia. Nilitua hapo hapo, goti likageuka. Afande alilikaza kwa bandeji huku akisema, "Goti ni la shirika, maumivu ni yako. Ingia." Nikaingia. Tulishinda, na sikucheza tena.

Nikabaki masjala na watu niliowazidi urefu tu. Wao walipanda vyeo. Mimi niliitwa pale jalada lilipokuwa rafu ya juu.

Tumaini lilibaki moja. Afande alipoondoka, niliomba kuifundisha timu ya wanawake, maana ndiyo kazi pekee niliyoijua. Mkurugenzi mpya alinikaribisha chai, akasema wanaliangalia suala hilo. Nikasubiri. Wasichana walipungua, nyavu zikaoza, nami nikanunua filimbi.

Wiki iliyopita simu iliita. Alikuwa Afisa Utumishi, kijana mwenye adabu. Alinipa shikamoo, akaulizia goti, kisha akasema kwa upole kwamba timu imefutwa na uwanja utakuwa maegesho ya magari ya ofisi. Nilidhani amemaliza.

"Samahani, dada, fundi yuko hapa," akasema. "Zile nguzo za vikapu zimechimbiwa kina gani? Anataka kuzing'oa leo, na hakuna mwingine anayejua."

Nikamwambia zimeingia mita moja na nusu, chini kuna zege. Asizivute kwa gari, zitapasua sakafu. Achimbe kwanza pembeni.