Wasike na Lundo Lisiloachwa Lipumue

Wasike hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alitoka Kimilili angali kijana, akaja Eldoret akawa makanika katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa akawa soja wa kulinda nyumba moja kubwa kule Elgon View. Magoti yalipoanza kumsumbua alirudi kwake Yamumbi, nje kidogo ya mji, kwenye kiploti chake, kwa mkewe Mildred. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana mikono ilizoea kazi na sasa kazi haikuwepo.

Tena kulikuwa na jambo la Linah. Binti yao alikuwa ameenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa. Kisha kimya. Namba yake ikawa haipatikani. Ajenti aliyempeleka akasema wasiwe na wasiwasi, wasichana wengi huko hubadilishiwa nyumba. Wasike alimsikiliza mpaka mwisho, akarudi nyumbani, akatwaa jembe.

Udongo wa pale ulikuwa umechoka, hata sukuma wiki zilikuwa zinatoka njano. Akasema atatengeneza mboji. Alikusanya mabua ya mahindi, maganda ya viazi, majani na majivu ya jikoni. Jirani yake Kipkirui, mfugaji, akampa mavi ya ng'ombe. Wasike akavipanga tabaka juu ya tabaka, akanyunyiza maji, akafunika kwa magunia, akachomeka kijiti kirefu katikati cha kupimia joto.

"Sasa uiache, Mzee," Kipkirui akamwambia. "Ishike moto kwanza. Utaigeuza baada ya wiki kadhaa."

Kuacha ndiko kulikomshinda. Kesho yake, chai haijachemka, alikuwa amechomoa kijiti na kukishika. Baridi. Akafunua magunia, akageuza lundo lote. Siku iliyofuata akaligeuza tena. Akiona limekauka analimwagia maji. Akiona limelowa analitawanya. Simu aliiweka mfukoni, akaitoa, akaitazama, akairudisha, akashika jembe. Lundo likawa tope. Likaanza kunuka mpaka jirani wa upande wa pili akafunga madirisha.

Kipkirui alipokuja kuchungulia alishika pua. "Mzee, umeizamisha. Na hiyo kugeuza kila siku inaitoa joto."

"Nataka tu kujua kama inaiva."

"Itaivaje na hujaipa nafasi?"

Mchana huo Mildred alimkuta amepiga magoti, mikono imezama hadi viwiko. Alisimama akimtazama.

"Baba Linah," akasema, "unamtafuta mtoto humo ndani?"

 Wasike akainamisha kichwa, mikono bado ndani ya uchafu, akaanza kulia. Mildred akachuchumaa kando yake. Wala hakumbembeleza. Alichota majani makavu, akayachanganya na lile tope, naye Wasike, baada ya muda, akafanya vivyo hivyo. Walilipanga upya wakiwa wawili, wakalifunika.

"Sasa tutoke hapa," Mildred akasema. "Mimi pia silali, usidhani ni wewe peke yako."

Siku zilizofuata zilimtesa. Alirekebisha ua ambao haukuwa umeharibika. Alinoa panga mpaka likawa jembamba. Alitembea hadi barabarani akarudi bila kununua kitu. Lakini lundo hakuligusa. Wiki zilipotimia na Kipkirui akamruhusu kuligeuza, Mildred akiwa kando yake kama askari, kijiti kilitoka na moto uliomfanya akiachilie.

Linah alipiga simu siku ya Jumanne, kwa namba ngeni. Tajiri wake wa kwanza alimnyang'anya simu. Sasa alikuwa nyumba nyingine, kwa mama mmoja mwenye utu angalau.

"Unakula?" Wasike akauliza. "Umekonda?"

"Nakula, Baba. Wewe unafanya nini?"

"Natengeneza mbolea."

Linah akacheka, kicheko kilichokatikakatika. "Wewe? Na hutulii hata kwa kiti? Basi nipandie mboga ya mrenda. Huku hakuna mrenda."

Kisha simu ikakatika.

Mboji iliiva ikawa nyeusi, ikinukia kama msitu baada ya mvua. Wasike aliitandaza yote kwenye tuta moja, akapanda mrenda, ukaota kwa fujo. Mkataba wa Linah bado haujaisha. Ijumaa nyingine anapiga, nyingine hapigi, na zile asizopiga Wasike huzunguka kiploti bila kupata pa kukaa. Juzi Mildred alimwambia mrenda utakomaa uharibike, wauchume wale. Akauchuma. Walipokaa mezani alikula haraka, macho kwenye simu, akamwambia mkewe kwamba kesho atakwenda kwa Kipkirui kuomba mavi ya lundo jingine.

"Nenda," Mildred akasema, akamwongezea ugali.